Daktari Aliyesikiliza Miguu Yangu

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Nalisema hilo kwa uhakika kwa sababu niliulizwa mara nyingi, na mtu ambaye hakuwa ananiona, hata nikajifunza kulijibu bila kusitasita.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la pili hapa Rumonge. Vita vilikuwa vimekaa muda mrefu kiasi kwamba watoto niliowafundisha hawakujua maisha mengine; ukiwaambia wachore barabara, walichora na askari. Asubuhi hiyo nilikuwa naandika hesabu za kutoa ubaoni, chaki ikaanza kucheza. Nikatazama kidole gumba. Kilikuwa kinajikunja na kujikunjua chenyewe, haraka haraka, kama kimefungwa uzi na mtu anauvuta kutoka nyuma ya ubao. Sikuogopa. Nilisimama nikikitazama, nikitaka kujua kitafanya nini. Kidole cha pili kikafuata, kisha kiganja, kisha mkono wote hadi begani, ukawa unagonga ubao, na watoto wakacheka wakidhani nawachekesha. Nikahisi pembe ya mdomo wangu inavutwa upande. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, nguo imelowa, ulimi unauma, na darasa lilikuwa tupu. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amesimama mlangoni. Tulifundisha pamoja miaka mitatu, tukigawana hata chaki, lakini hakuvuka kizingiti. Alikuwa amewatoa watoto nje wasije wakakanyaga mate yangu wakaambukizwa.

"Ni intandara," alisema, akikitaja kifafa kwa Kirundi, kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja jina la marehemu. "Usisimame haraka."

Mama yangu alikuwa mjane aliyepika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba. Alinipokea bila kulia. Kwanza alimwita shehe, aliyeniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikalinywa siku tatu. Sisemi kwamba halikusaidia. Nililala vizuri siku hizo. Lakini wiki ya pili kidole kilicheza tena nikiwa namenya mihogo, na wiki ya tatu nikaanguka hatua mbili tu kutoka kwenye pipa la sabuni inayochemka. Siku hiyo mama alijifunga kanga kiunoni, akanishika mkono, tukaenda kituo cha afya.

Muuguzi mkuu wa pale alikuwa mtu wa Uvira, upande wa Kongo, mnene, mwenye sauti ya kuitia mitumbwi. Sote tulimwita muganga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanigonga magoti, kisha akakuna kichwa.

"Mama," akamwambia mama yangu, "hii inapita nguvu yangu. Huyu mutoto anataka dogiteri wa kichwa na mishipa. Iko mumoja tu, na iko Bujumbura."

Mama alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Barabara ya Bujumbura inafuata ziwa, inapita Magara, inapita Muhuta, na katika miaka hiyo askari waliifungua asubuhi na kuifunga alasiri. Siku nyingine haikufunguliwa kabisa. Magari yalikwenda kwa msafara. Baba yangu aliondoka na msafara kama huo, akipeleka mawese, na hatukuletewa hata kiatu chake.

"Mwanangu hapiti njia ile," alisema mama. "Afadhali nikae naye na kifafa chake."

"Basi yeye hatapita," akajibu muganga. "Itapita sauti yake. Mumulete siku ya Jumanne, saa tatu."

Foni, redio ya kituo ya kuitana, ilikuwa sanduku la chuma la rangi ya majani makavu, limekaa juu ya meza katika chumba cha dawa, limeunganishwa na betri ya lori. Waya wake ulitoka dirishani ukapanda hadi kileleni mwa mchikichi. Nilikuwa nimeiona siku zote nikipita, sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kutibiwa nayo. Muganga alinifundisha namna yake: unabonyeza kitufe kwenye mikro, kipaza sauti chake, unasema, na ukimaliza unasema "avu", yaani zamu yako, unaachia kitufe. Usipoachia, hutasikia jibu. Na jambo jingine alilitaja kama linavyotajwa jambo dogo: foni haikuwa na siri. Kila kituo chenye sanduku kama lile, kando ya ziwa na juu milimani, kilikuwa kikisikiliza kikisubiri zamu yake.

Sauti ya daktari ilikuja ikiwa imekwaruzwa, kama inapita kwenye ungo wenye mchanga. Alisema Kiswahili cha mitaa ya Bujumbura, kikiwa na Kifaransa ndani yake. Muganga akaanza kunisoma: mgonjwa wa kike, miaka ishirini na minne, mwalimu, ameanguka mara mbili. Nilikaa pembeni nikisikia maisha yangu yakisomwa kama mizigo inayoshushwa bandarini, na hasira ikanipanda kidogo.

"Mupatie yeye mwenyewe mikro," daktari akasema. "Nataka kusikia ulimi wake. Avu."

Nikabonyeza. "Amahoro, dogiteri."

Kimya. Muganga akaninong'oneza, "Avu!"

"Avu," nikasema.

"Amahoro, mwalimu. Uniambie. Ilianza wapi? Si kuanguka. Kabla ya kuanguka. Avu."

"Kidole gumba cha kulia. Avu."

"Cha kulia! Una hakika si mkono wote kwa pamoja? Avu."

Nilimweleza kidole, kidole cha pili, kiganja, kiwiko, bega, mdomo. Nilimweleza na uzi nyuma ya ubao. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na furaha ndani yake, nami nilishangaa mtu anawezaje kufurahia jambo kama hilo. Lakini nami, kusema kweli, nilifurahi kwamba kuna mtu mwingine duniani anayetaka kujua kidole kile kilifanya nini.

Akaniambia nihesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Nikahesabu. Akaniambia nitaje vitu vitano vilivyomo chumbani. Nikataja. Kisha akasema, "Sasa tembea. Muganga, weka mikro chini, karibu na sakafu. Avu."

Muganga alipiga magoti kwa shida, tumbo likimzuia, akashikilia mikro juu ya saruji. Nikatembea kutoka kabatini hadi dirishani, nikageuka, nikarudi. Mama alitazama kama anayetazama watu wamerukwa na akili.

"Mguu mumoja unaburuta," ikasema sauti. "Avu."

Muganga akanitazama miguu. "Hapana, dogiteri. Kandambili imekatika. Avu."

Foni ikatoa mlio mfupi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni kicheko. "Muvue," akasema. Nikavua, nikatembea pekupeku, akasikiliza tena. Baadaye akamtaka muganga anigonge magoti na aeleze anachoona. Muganga akasema la kushoto linaruka kidogo.

"Na la kulia? Linaruka kama nini? Avu."

Muganga aliwaza. "Kama samaki mukeke ametupwa ndani ya mutumbwi. Avu."

"Murakoze, asante. Sasa, upitishe vidole vyako kwenye mikono yake, polepole, chini ya ngozi. Utafute kitu kama punje ya haragwe. Avu."

Muganga alinishika mkono wa kushoto, akapapasa, akahamia wa kulia. Juu kidogo ya kiwiko vidole vyake vikasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele. Akanichukua kidole changu akakiweka pale, nikakisikia: kitu kidogo, kigumu, kinachoteleza ukikibonyeza. Nilikuwa nimekaa na mkono huo miaka yote, nimeuosha kila siku, na sikujua.

"Iko," akasema muganga. "Iko moja. Hapana, mbili. Avu."

Kisha daktari akauliza, polepole na waziwazi, sauti ikaja safi kuliko wakati wowote asubuhi ile:

"Mwalimu, unakula nyama ya nguruwe? Avu."

Muganga alinipa mikro, nami nilikuwa nimeshabonyeza kitufe mama aliposimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka, nikakiachia. Kutoka kwenye sanduku zikaja sauti za vituo vingine: mtu alikohoa, mtu akacheka, mwanamke akasema "Yooo!" kwa Kirundi. Mimi niliweka mikro mezani. Sisi ni Waislamu, babu yangu ni mmoja wa watu waliojenga msikiti tunaosali, na swali lile lilikuwa limeulizwa mbele ya pwani nzima. Tukatoka, muganga akitukimbilia hadi nje. Nyuma yetu nilisikia ile sauti ikiita, "Rumonge? Rumonge, munanisikia? Avu."

Adhuhuri haijafika, habari ilikuwa sokoni, imekuzwa: binti wa mpika sabuni amepatikana na nguruwe kichwani. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua sabuni kwa mama wakaacha. Mkuu wa shule alinishauri nipumzike, akisema ni kwa faida yangu. Mama alisugua vyungu vyote kwa majivu, kimoja kimoja, na jioni akaniuliza bila kunitazama, "Niambie ukweli. Kule chuo cha ualimu, mlikula nini?"

"Mama, nilikula maharage miaka mitatu."

Nadhani aliniamini, lakini alitaka awepo mtu wa kulaumiwa, na kwa kuwa hakumpata, alinuna.

Mimi nilikuwa na aibu, sikatai. Ila aibu haikuweza kunijaza yote. Kila nilipokaa peke yangu vidole vya mkono wa kushoto vilikwenda vyenyewe kwenye ile punje. Alijuaje? Mtu aliyekaa Bujumbura, asiyenijua uso, alijuaje kwamba ndani ya mkono wangu kuna kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua? Na nguruwe anahusiana vipi na kidole gumba? Siku ya tano msafara ulifika, na muganga akaniletea nyumbani bahasha yenye vidonge vya gardenali, dawa ya kifafa, na karatasi ya daktari iliyoandikwa kwa penseli: kimoja kila jioni, usiruke hata siku moja, usikae karibu na moto wala maji, andika kila mara kidole kinapocheza. Chini kabisa aliongeza: *Sikumaliza kueleza. Tafadhali rudi.*

Nilirudi. Tena nilimshika mama mkono kama alivyonishika mimi mara ya kwanza. Aligoma mpaka mlangoni, lakini aliingia.

Zamu yetu ilipofika, nikachukua mikro kabla ya muganga. "Dogiteri, uliniuliza swali mbele ya watu. Sasa nataka unijibu mbele ya watu haohao. Mimi sijala nguruwe tangu nizaliwe. Mama yangu yuko hapa. Nieleze, polepole, na wote wanaosikiliza wasikie. Avu."

Safari hii hakuna aliyekohoa.

"Mwalimu, asante kwa kurudi," akasema. "Nimekosea namna ya kuuliza. Swali lenyewe si kosa. Sikilizeni wote. Kuna mnyoo. Mtu akila nyama ya nguruwe mgonjwa ambayo haikuiva, anapata mnyoo mrefu ndani ya tumbo. Huyo mtu haanguki kifafa. Pengine hajui hata kama anao. Lakini mnyoo unataga mayai, yanatoka chooni. Kama hakunawa mikono, mayai yanakaa kwenye vidole vyake, kwenye nyanya, kwenye maji. Mtu mwingine akiyameza, hata kama hajawahi kuona nguruwe kwa macho, yai linatoka tumboni linasafiri na damu. Linajenga chini ya ngozi. Linajenga kwenye kichwa. Kwa hiyo mwenye kula nguruwe na mwenye kuanguka wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Nilipaswa kukuuliza: nani alikupikia, mahali ambapo hapakuwa na maji? Avu."

Mama alikuwa amesogea karibu na meza. Aliashiria apewe mikro. Hakujua kubonyeza, muganga akambonyezea.

"Wewe mtoto wa nani?" mama akauliza. "Una mama?"

Akasahau kusema avu, muganga akamsemea.

"Ninaye, mama. Avu."

"Basi siku nyingine uulize kama ungekuwa unamuuliza yeye."

"Nimesikia, mama. Unisamehe. Avu."

Ndipo nikauliza maswali yangu. Je, wadudu hao wako hai? Akasema hajui, pengine wengine hai, wengine wanakufa, na wanapokufa ndipo ubongo unavimba kuzunguka na kidole kinacheza. Kwa nini asinipe dawa ya kuwaua wote mara moja? Kwa sababu wakifa wote kwa pamoja kichwa kinaweza kuvimba kuliko kinavyoweza kuvumilia, na yeye hayuko hapa kunishika. "Tuwaache walale," alisema, "mpaka siku nitakapoweza kukuona kwa macho." Na kwa nini kidole gumba? Akasema kidole gumba kimepewa kiwanja kikubwa sana ndani ya ubongo, kikubwa kuliko mgongo wote, kwa hiyo si ajabu mdudu kuangukia pale. Nilitembea nyumbani nikitazama kidole changu kwa heshima mpya.

Nani alitupikia, mahali ambapo hapakuwa na maji? Sikuhitaji kufikiri sana. Miaka mitatu nyuma, mapigano yalipofika hapa, mimi na mama tulikimbilia kwenye michikichi ya upande wa Kizuka tukakaa huko majuma mawili. Tulikuwa pamoja na jirani yetu, mwanamke Mkristo aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Kivu ya Kusini, aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwani. Mimi nilikuwa na homa, mama alikuwa hajui kama baba yu hai. Ni yule jirani aliyeokota kuni, aliyeomba mihogo kwa wenyeji, aliyekatakata nyanya na vitunguu kwa kisu kimoja akatulisha kwa mkono wake. Maji ya kunywa yalikuwa kikombe kimoja kwa siku. Ya kunawa hayakuwepo.

Sikumwambia mtu. Lakini alasiri hiyohiyo yule jirani alikuja mwenyewe. Alikuwa kituoni, kwenye benchi la nje, akisubiri dawa ya jino, na alisikia kila neno kupitia dirisha.

"Mwalimu," alisema, amesimama uani, hataki kukaa. "Mimi miye naonaga vitu. Kwenye choo. Vipande vyeupe, bapa, kama utepe. Iko muda mrefu. Nilionaga haya kusema."

Alianza kulia, akijipiga mapajani.

"Ile mikono yangu ndiyo ilikupatia ugonjwa, mwalimu. Nilikulisha ugonjwa."

"Yaya, dada yangu, hatujui," nikasema. Naye daktari alikuwa hajui, na mpaka leo sijui. Mayai yale yangeweza kutoka kwa mtu yeyote kati ya mamia tuliokuwa chini ya michikichi ile. "Ninachojua ni kwamba nisingekula siku zile ningekufa. Twende kwa muganga."

Tukaenda, akapewa dawa, na baada ya siku mbili mnyoo ukatoka. Alitaka kunieleza urefu wake, nikakataa, kisha nikabadili mawazo nikamwambia anieleze. Alinipimia kwa kamba ya kufungia vikapu vya ndagala, kutoka mlango wetu hadi kwenye pipa.

Mama naye alitaka kufanya jambo jema, akampelekea mche mzima wa sabuni. Jirani akaupokea kama tusi. Hawakusemeshana tangu siku hiyo mpaka Ramadhani, na hata walipopatana hakuna aliyetaja sabuni. Alianza kuleta ndagala za futari, akiziweka juu ya ukuta na kuita, "Nimenawa!" Mama aliitika kutoka ndani, "Sikuuliza!"

Mwaka mmoja na nusu nilizungumza na daktari kwa foni, mara moja kwa mwezi. Gardenali ilinifanya mzito. Asubuhi kichwa kilikuwa kama kimefunikwa blanketi bichi, na nilimwambia hivyo, akapunguza kidogo, kidole kikacheza, akarudisha. Kisha barabara ikatulia kwa miezi kadhaa na mama, bila kuulizwa, akasema, "Tutakwenda wote. Kama ni njia ile, tupite wawili." Tulipanda msafara asubuhi. Alishika mkono wangu kutoka Rumonge hadi mjini, na mahali tulipoambiwa kwamba ndipo gari la baba lilisimamishwa, hakugeuza shingo.

Nilikuwa nimemtengeneza daktari kichwani: mrefu, miwani, meza kubwa, mtu anayenisahau mara tu ninaposema avu. Mlangoni alisimama mtu mfupi, kola ya shati imechanika, anakohoa.

"Mwalimu, nenda mpaka dirishani urudi," alisema kabla ya salamu.

Nikaenda nikarudi. Akafumba macho akisikiliza. "Ni wewe," akasema, akacheka kile kicheko cha mlio mfupi, nami nikacheka hadi machozi.

Alinichunguza vitu ambavyo hakuweza kuvisikia. Aliingiza mwanga mdogo machoni mwangu akaniinamia karibu sana, akatazama muda mrefu ndani ya jicho moja na jingine, na alipoinuka alivuta pumzi kama mtu aliyefika. Hakuna uvimbe wa kuogopa, akasema. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua miezi yote. Alinipiga picha ya eksirei ya paja, kwa kuwa mashine yao haikuweza kuona ndani ya ubongo, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya nyama yangu kulikuwa na vijichembe vyeupe, kama mchele uliomwagika.

"Hawa wamekufa zamani," akasema. "Wamegeuka chokaa. Natumaini na wale wa juu wako vivyo hivyo. Hatutawapa dawa yoyote. Tutaendelea na gardenali."

Mama aliuliza kama chokaa hiyo itatoka. Akasema haitatoka, wala haina haja.

Halafu akanionyesha mahali alipokaa siku zote zile. Ilikuwa stoo ya mashuka. Kiti, sanduku, penseli, na nyuma ya fomu za zamani alikuwa amenichora: mkono wenye mishale ikipanda kutoka kidole gumba hadi mdomoni. Hakukuwa na uso.

"Uliniona vipi?" nikamuuliza.

"Sikukuona. Nilikuwa nasikia viti, pumzi, mlango. Ile siku nilipouliza juu ya nguruwe, nilisikia kiti kikianguka, kisha vituo vingine vikicheka, na kwenu kimya. Kwenye foni kimya kina maana nyingi. Betri imekwisha. Mtu ameondoka. Au umeanguka mbele ya mama yako na muganga ameacha mikro akushike." Alikohoa. "Niliita mara kumi mpaka zamu ikapita, na zamu nyingine ilikuwa Jumanne ya mbele. Nilirudi nyumbani na kile kiti. Wiki nzima nilikuwa naomba uwe umekasirika tu."

Sikuwahi kuwaza hilo. Kwa wiki ile nzima nilimwona kichwani mwangu ameketi, ametosheka, ameshatusahau. Mama alimtazama, akafungua kikapu chake, akamwekea mezani miche miwili ya sabuni na chupa ya mawese. Daktari alipokea kwa mikono miwili, bila kuuliza sabuni ni ya nini.

Nilimeza vile vidonge miaka sita. Katika miaka hiyo kidole kilicheza mara nne, na sikuanguka tena. Shule ilinirudisha baada ya mwaka mmoja bila kuanguka, na mwalimu wa darasa la tatu alikuja siku ya kwanza akakaa ndani ya darasa langu kipindi kizima, kwenye benchi la watoto, bila kusema kwa nini.

Jumanne sikuwa na vipindi vya asubuhi, na muganga akaniomba nije kukaa na wagonjwa wa foni. Wengi waliogopa lile sanduku, au walisema tu "kichwa kinauma" wakanyamaza, na zamu ikapita. Nilikaa nao kwenye benchi la nje kwanza, nikiwauliza: kinaanzia wapi? Kinakwenda wapi? Kinafanana na nini? Watu wana majibu mengi mazuri ukiwapa nafasi. Mwanamke mmoja wa kutoka Muhuta alisema miguu yake inasikia kama inatembea juu ya nywele.

Namkumbuka zaidi mkata michikichi wa Kizuka ambaye nusu ya uso wake ilikuwa imeshuka. Alikataa kabisa kuongea. Alitaka kujua kwanza huyo daktari amekaa au amesimama, kwa sababu yeye hawezi kueleza shida zake kwa mtu anayejiandaa kuondoka.

Nikabonyeza kitufe nikauliza.

"Nimekaa," ikajibu sauti. "Na nimefunga mlango. Avu."

Mkata michikichi akavuta kiti karibu na meza, akavua kofia yake akaiweka juu ya goti. "Mwambie ilianza kwenye jicho," akasema.

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu, nikampa mikro.